Bibi Kata: Mwewe Mwekundu wa Bwana Lodu

“Bibi Kata si wako, Bwana Lodu. Ni wangu.”

Kwa maneno hayo Hajara aliunyamazisha ukumbi mzima wiki iliyopita, na leo, msomaji, utasikia alijibiwa nini.

Alijibiwa kwa kicheko.

Aliyecheka kwanza alikuwa Bwana Lodu mwenyewe, mchoraji wa vitabu vya katuni, fahari ya jiji la Arua kwa mujibu wa kadi yake ya jina. Alikuwa amesimama jukwaani akiwa amevaa miwani ya jua, ingawa ukumbi ule wa kukodi, ulio kwenye barabara ya kwenda Ediofe, ulikuwa na madirisha mawili tu, na moja lilikuwa limezibwa na kabati. Kwa watu wengine, miwani ya namna hiyo ndani ya nyumba huashiria ugonjwa wa macho. Kwa Bwana Lodu iliashiria sanaa.

Kisha safu ya mbele ikacheka. Safu ya mbele hucheka kila anapocheka mwenye maikrofoni; ndiyo sababu huwekewa viti vyenye mito.

“Waheshimiwa,” akasema Lodu, “mnaona wenyewe nguvu ya kazi yangu. Hata mama zetu wa kijijini wanaitazama, halafu wanaota kwamba wameiandika wao.”

Hajara hakukaa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mkulima wa mihogo na ufuta kule Dranya, Koboko, na mwanafunzi wa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima. Yeye na wenzake kumi na wawili walikuwa wamealikwa Arua siku hiyo kwa kazi moja tu, nayo ni kupiga makofi.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, maana wizi wenyewe ulikuwa mwepesi kama aliyeufanya.

Kitabu kilichokuwa kikizinduliwa, mshindi wa shindano la vitabu vya katuni, kiliitwa *Jiji la Matope*. Ndani yake mvua inanyesha Arua siku tisini bila kupumzika. Mto Enyau unapanda hadi kwenye paa za maduka, umeme unakufa, askari wanapanda malori na kuondoka, na jiji linabaki mikononi mwa majambazi wanaomtoza ushuru hata mtu anayelia. Katika jiji hilo anatokea mwanamke mmoja mwenye uwezo usio wa kawaida. Haruki angani. Hatoi moto machoni. Akiweka kata kichwani, ule mviringo wa kitambaa unaokaa chini ya mzigo, basi chochote kitakachopakiwa juu yake hakimlemei wala hakianguki, liwe tangi la maji, paa la shule au basi lenye abiria wake.

Hadithi hiyo Hajara aliiandika na kuichora kwa mkono wake katika madaftari sita, juu ya benchi lisilo na mgongo. Mwezi wa tano mwalimu wake aliyachukua, akisema yanakwenda kukaguliwa Arua. Hayakurudi. Leo ndipo alipoyaona tena, yamevikwa jalada la kung’aa na jina la mwanamume.

Na yalikuwa yameharibiwa. Katika madaftari, Bibi Kata alikuwa mnene, visigino vimepasuka, sura ni ile ya marehemu mama yake Hajara, ambaye mwaka wa vita alitembea kutoka Koboko hadi Sudani akiwa na godoro kichwani na Hajara mchanga mgongoni. Katika kitabu cha Lodu alikuwa amepewa kiuno cha nyigu na viatu virefu vyenye ncha. Viatu virefu, kwenye matope. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka Arua wakati wa mvua anajua kwamba mwanamke huyo asingefika hata kwenye kona, sembuse kuokoa jiji.

Zaidi ya hayo, Lodu alikuwa amemwongezea bosi. Mwanamume mmoja aitwaye Jemadari Radi, mwenye misuli iliyovimba kama viazi vikuu, husimama juu ya paa lililokauka na kumwelekeza Bibi Kata nini cha kubeba.

Lakini lililomwinua Hajara kwenye kiti chake halikuwa hilo. Lodu alikuwa ametangaza, huku akitabasamu, kwamba katika kitabu cha pili Bibi Kata atazama mtoni kwenye ukurasa wa kwanza, ili Jemadari apate nafasi. Mama yake Hajara alikuwa amekwisha kufa mara moja. Hajara hakuwa tayari afe mara ya pili kwa kalamu ya mtu mwenye miwani.

Hapo ndipo tulipofikia. Sasa sikiliza.

Bi Prossy, mkuu wa jopo la waamuzi, hakuwa amecheka. Alikuwa mzaliwa wa Arua aliyehamia Kampala zamani, mwanamke mkavu wa maneno, na ndiye ambaye ofisi yake ingekichapa kwa wingi kitabu kilichoshinda na kukisambaza katika shule zote za mkoa wa West Nile. Aliitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na robo. Akamweleza Hajara, bila ukali na bila upole, kwamba gari lake linaondoka saa sita kamili. Akiwa na ushahidi autoe kabla ya hapo, na Bibi Kata atarudishwa kwa mwenyewe. Asipokuwa nao, atapanda jukwaani na kumwomba Bwana Lodu radhi mbele ya maikrofoni ile ile, na neno hilo halitarudiwa tena.

Lodu, kwa ukarimu wa mtu asiyetarajia kupoteza chochote, akampelekea nakala ya kitabu.

Hajara akakifungua kwa mara ya kwanza. Alisoma kama anavyosoma siku zote, kidole chini ya mstari, midomo ikitembea. Safu ya mbele ikaanza kuguna. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama mama huyo ana nia ya kumaliza mwaka huu.

Alipofika ukurasa wa nne, kidole kilisimama.

“Samahani, Bwana Lodu,” akasema, kwa Kiswahili chake cha darasani, kile anachokitumia mbele ya wakubwa. “Ndege huyu mwekundu ni nani?”

Lodu alikuwa amelisubiri swali hilo, ingawa alilitarajia kutoka kwa msomi. Alivuta maikrofoni karibu. Akaeleza kwamba yule ni mwewe, roho ya jiji, ambaye huonekana kwenye pembe ya juu ya kila ukurasa akiwa amekunja bawa moja na kulinyoosha la pili, ishara ya haki inayoona kila kitu hata pale ambapo sheria imekimbia. Alisema mwewe huyo alimjia katika njozi. Alisema alifunga siku tatu kabla ya kumchora. Mzee mmoja wa safu ya mbele alitikisa kichwa kwa uchungu, kama mtu aliyeguswa mahali pa ndani sana.

“Ukurasa wa tisa hayupo,” akasema Hajara. “Kuna mapanga mawili mekundu yamepishana.”

Hiyo, akajibu Lodu, ni siku ambayo roho ya jiji inawakasirikia watu wake.

“Na ukurasa wa kumi na nne? Mlango wa hospitali umeandikwa saba, chini yake mstari, chini yake kumi.”

“Ni namba ya jengo, mama.”

“Saba ya kumi?”

“Ni jiji lililoharibika,” akasema Lodu kwa uvumilivu mkubwa. “Hata namba zake zimeharibika.”

Safu ya mbele ikapiga makofi. Hajara akasubiri makofi yaishe, maana alikuwa ameletwa Arua kwa ajili ya makofi na alijua huchukua muda gani.

“Bwana Lodu,” akasema, “huyo si mwewe. Hiyo ni tiki ya mwalimu.”

Akakiinua kitabu juu ili wote waone.

“Kila ukurasa nilioandika vizuri, mwalimu aliweka tiki kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa tisa nilikosea, akaweka alama ya kosa. Ukurasa wa kumi na nne nilipata saba kwa kumi. Umenakili daftari langu mpaka maksi zangu.”

Kutoka viti vya nyuma ilisikika sauti ya Mariam Poni, muuza nyanya wa soko la Koboko na mwanafunzi mwenzake Hajara, sauti iliyozoea kushindana na spika za wauza dawa za panya. Aliuliza kama roho ya jiji inasahihisha na hesabu, kwa sababu yeye ana za kugawanya zimemshinda tangu Jumatatu.

Viti vya nyuma vikalipuka. Bi Prossy alikichukua kitabu, akakifunua ukurasa baada ya ukurasa, na kila alipofunua, mwewe alikuwa pale pale, pembe ile ile, kimo kile kile, amechorwa kwa mkono ule ule wa mwalimu mwenye haraka ya kurudi nyumbani. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Akakifunga.

Lodu alivua miwani. Nyuma yake kulikuwa na macho madogo ya kawaida tu, yenye hofu ya kawaida.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hajara mwenyewe alidhani hivyo. Lakini watu wa aina ya Lodu hawajengwi kwa aibu. Wamejengwa kwa marafiki.

“Basi tumuulize mwalimu,” akasema. “Si yuko hapa?”

Moyo wa Hajara ulifurahi, kwani mwalimu kweli alikuwepo. Mwalimu Phiona, aliyewafundisha miaka miwili kule Dranya. Aliyemshika Hajara mkono siku ya kwanza na kuuongoza juu ya karatasi mpaka herufi ikatoka. Akisema neno moja tu, kesi imekwisha.

Mwalimu Phiona akainuka. Na hapo Hajara akaona jambo ambalo angepaswa kuliona tangu asubuhi, kwamba mwalimu hakuwa ameketi nao nyuma. Alikuwa akiinuka kutoka safu ya mbele, kwenye kiti chenye mto, akiyumba kidogo juu ya viatu vipya.

“Mimi husahihisha kwa kalamu ya bluu,” akasema Phiona.

Bi Prossy akamuuliza kama anamfahamu mama huyu. Phiona akakubali kwamba anamfahamu, ni mwanafunzi mwenye bidii, lakini hakumbuki kumwona akiandika hadithi. Kwa kadiri anavyokumbuka, huandika majina ya vitu vya sokoni. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa. Kwa umri wake, akaongeza, si haba.

“Mwalimu,” akasema Hajara polepole, “wewe ndiye uliyenishika mkono.”

Phiona alitazama viatu vyake.

Mariam Poni, ambaye daima huona vitu vidogo, alikuwa amekifungua kitabu cha jirani yake ukurasa wa pili, pale wanapoandikwa watu wasiosomwa na yeyote. Kidole chake kikashuka juu ya herufi ndogo kama siafu, akazisoma moja baada ya nyingine, akazipata: *Mhariri, Mwalimu Phiona*.

“Wewe Phiona,” akaita kutoka nyuma, “hiyo viatu iko nakufinya mpaka unasahau watu?”

Lakini kicheko safari hii kilikuwa chembamba. Neno la mwalimu lilikuwa limeingia ukumbini na kukaa. Kwa upande mmoja kulikuwa na mtu mwenye kadi ya jina na mwalimu mwenye cheti. Kwa upande wa pili kulikuwa na mkulima wa mihogo na nadharia yake kuhusu ndege. Lodu akarudisha miwani usoni. Ilikuwa saa tano na nusu.

Bi Prossy akamuuliza Hajara kama ana kitu chochote cha kushika mkononi. Si maelezo. Kitu.

“Nina daftari la saba,” akasema Hajara.

Na hili, msomaji, Lodu hakulijua. Mwalimu alipochukua yale sita, Hajara hakuacha kuandika. Kitabu cha Lodu kilimalizika pale madaftari sita yalipomalizika: Bibi Kata yuko katikati ya daraja la Enyau, tangi la maji ya kunywa la jiji zima liko kichwani, na daraja linapasuka chini ya miguu yake. Lodu hakujua la kumfanyia, kwa hiyo aliamua kumzamisha. Daftari la saba lilianzia hapo hapo darajani, na Bibi Kata hakuzama. Na kila ukurasa ulikuwa na tarehe juu, kwa maana katika darasa la Dranya tarehe huandikwa kwanza, na asiyeandika tarehe hapewi maksi hata moja.

“Liko wapi?” akauliza Bi Prossy.

“Nyumbani. Ndani ya sanduku la bati.”

Lodu alitabasamu. Dranya ilikuwa mbali kwa zaidi ya saa moja hata kwa gari linalokimbizwa. “Basi lisomwe,” akasema, akifungua mikono kama mtu anayekaribisha wageni. “Sasa hivi. Mbele ya watu wote.”

“Kuna simu,” akasema Hajara.

Bi Prossy akafikiri kidogo, akaona ni haki. Hajara ataandika kwenye karatasi tarehe na sentensi ya kwanza ya daftari la saba. Yeye Bi Prossy ataikunja karatasi na kuishika. Kisha atakayekuwa nyumbani ataelezwa na Bi Prossy mwenyewe alifungue daftari na kusoma, bila Hajara kumtajia neno. Yakilingana, kitabu kitatoka na jina la Hajara juu yake, na Bibi Kata ataishi. Yasipolingana, maikrofoni ndiyo ile.

Hajara aliandika haraka kuliko alivyowahi kuandika maishani mwake. Alikwisha kumkabidhi Bi Prossy karatasi ndipo alipowaza ni nani atakayepokea simu.

Watoto walikuwa shuleni. Mama mkwe alikuwa shambani. Majirani wote, kwa kuwa ilikuwa siku ya soko, walikuwa Koboko. Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu, mume wake, Sajini mstaafu Sulaimani.

Inafaa umjue Sajini Sulaimani. Huyo ndiye msomaji mkuu wa kijiji kizima. Kila asubuhi huketi barazani na gazeti, hulifungua kwa mikono miwili kama mtu anayekung’uta shuka, na hukohoa mahali panapostahili. Watu humletea barua zao. Yeye huzitazama kwa muda mrefu, huzikunja kwa heshima, na kuwarudishia akisema kwamba hayo ni maneno ya serikali, wapeleke kwa mwenyekiti. Mke wake alipoanza darasa, aliwaambia wageni, Hajara akiwa anawapakulia chai, kwamba mwanamke mzima mwenye kalamu ni sawa na mbuzi mwenye kofia.

Na Sajini Sulaimani hajui kusoma hata herufi moja.

Hajara aligundua hivyo mwaka jana, mwezi wake wa pili darasani, alipopita nyuma ya kiti na kumkuta akicheka peke yake, kwa sauti, juu ya ukurasa wa matangazo ya vifo. Tangu siku hiyo alianza kudai kwamba mwalimu amewaagiza wasome gazeti kwa sauti kila jioni kama kazi ya nyumbani, na Sajini akawa anasikiliza huku amefumba macho, akimsahihisha hapa na pale. Siri hiyo Hajara aliitunza mwaka mmoja na miezi saba. Mtu aliyemwita mbuzi alikuwa akilishwa habari za dunia kwa kijiko, na hakumshukuru hata siku moja.

Sasa Hajara alisimama na simu mkononi, akatafuta la kusema. Pengine aseme hakuna mtu nyumbani. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

“Afande iko nyumbani,” akaita Mariam Poni kwa fahari, akidhani anasaidia. “Na yeye nasoma kushinda nyinyi wote hapo mbele.”

Wenzake kumi na wawili wa Dranya wakakubali kwa pamoja. Ndiyo, Afande Sulaimani. Kama ni kusoma, basi ni yeye.

Bi Prossy akaichukua simu, akauliza jina kwenye orodha, akabofya, akaiweka mbele ya maikrofoni. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tatu.

“Nani?” ikasema sauti ya Sajini, ikajaa ukumbini.

“Ni mimi, Baba Siraji. Niko ukumbini. Watu wote wanakusikia.”

Ungeweza kusikia mgongo ukinyooshwa. Kisha sauti ikarudi ikiwa imevaa buti, ikawasalimu wakubwa wote kwa salamu ndefu ya kambini, ikauliza amri ni gani. Hajara alijaribu kuzungumza, lakini Bi Prossy alimzuia kwa mkono, kama walivyokubaliana. Akaeleza yeye mwenyewe. Kuna sanduku la bati. Ndani yake kuna daftari lenye namba saba. Afande alichukue, afungue ukurasa wa kwanza, asome tarehe na sentensi moja. Sentensi moja tu.

Walisikia kiti kikisogezwa, hatua, kisha kifuniko cha bati kikilia. Halafu dakika nzima ikapita.

“Umelipata, Afande?” akauliza Bi Prossy.

Watu mia moja walikuwa wakisubiri. Lodu alikuwa akisubiri, na Phiona, na mzee wa uchungu wa kisanaa.

“Hakuna,” akasema Sajini Sulaimani. “Hiyo daftari nilichoma. Wiki ilipita. Nilitumia kuwasha moto ya chai.”

Pumzi ilitoka katika safu ya mbele kama hewa kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Lodu alifumba macho nyuma ya miwani yake, mtu aliyeokolewa na mtu asiyemjua. Bi Prossy akaikunjua karatasi nusu, akaikunja tena. Akaishusha stendi ya maikrofoni mpaka kwenye kimo cha Hajara.

“Njoo, mama,” akasema. “Tumalize.”

Lakini Hajara alikuwa amesikia kitu ambacho safu ya mbele ilidhani ni upepo. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka ishirini na minne. Alijua namna anavyopumua akiwa amekwama. Na nyuma ya pumzi hiyo, taratibu, ukurasa ulikuwa ukifunuliwa. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Sajini Sulaimani alikuwa amesimama katikati ya chumba na lile daftari alilodai amelichoma mkononi mwake, akilitazama upande hadi upande.

Basi ndivyo alivyo, akawaza Hajara. Mwanamume aliyekwenda vitani mara mbili alikuwa tayari mke wake aitwe mwongo mbele ya Arua nzima, ili tu watu wa Dranya waendelee kumletea barua asizoweza kusoma. Lodu alikuwa ameiba hadithi. Huyu alikuwa anaichoma kwa mdomo. Hakujua ni yupi wa kumdharau zaidi, na muda wa kuwalinganisha haukuwepo.

Akapanda jukwaani. Angeweza kuomba radhi, ashuke, arudi na basi la saa saba, na Bibi Kata azame kwa adabu katika shule zote za West Nile. Au angeweza kusema neno moja, na Sajini Sulaimani asiketi tena barazani kwake na gazeti maisha yake yote.

Aliipita maikrofoni. Akaichukua simu, akaileta karibu na mdomo, na Kiswahili cha darasani kikamwacha, kikabaki kile cha jikoni.

“Baba Siraji, usikate simu. Mimi najua wewe hapana jua kusoma. Najua tangu mwaka jana. Hiyo daftari iko mkononi yako, nasikia karatasi.”

Kule nyuma mtu alitaja jina la Mungu. Mariam Poni alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lodu alicheka, na safari hii safu ya mbele haikumfuata.

“Fungua ukurasa ya kwanza,” akaendelea Hajara. “Usiseme jina ya herufi. Sema vile unaiona. Kama iko fimbo, sema fimbo. Kama iko jembe, sema jembe. Mimi nitanyamaza. Madam hapa ataandika.”

Bi Prossy alitazama saa yake. Kisha akauvuta mkono wa gauni lake ukaifunika saa hiyo, akachukua kalamu, akageuza karatasi upande mweupe.

Ukumbi mzima ulikuwa ukisubiri ule mlio wa simu iliyokatwa, na Hajara aliusubiri kuliko wote, macho yake yakiwa juu ya kioo kidogo kilichokuwa kikihesabu sekunde. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Haikukatika. Na sauti ilipokuja ilikuwa imevua buti zote, sauti ambayo hakuna mtu wa Dranya aliyewahi kuisikia, na Hajara mwenyewe alikuwa ameisikia labda mara mbili.

“Mama Siraji,” ikasema, “mimi naanzia upande gani? Kulia, kama msahafu, ama kushoto?”